Anasa ya angani miaka ya 1930: tunayoyasadiki na yaliyokuwa

Wengi wetu tukitajiwa usafiri wa ndege wa zamani, tunaona sura moja: bwana wa suti, bibi wa kofia, mhudumu wa koti jeupe anamimina chai, na Mto Nile unametameta chini ya dirisha. Tunasema, wenzetu walikula raha. Nimeifuatilia sana historia ya ndege za majini, yaani zilizotua na kupaa juu ya maji, zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na naona raha hiyo imetiwa chumvi mahali fulani, na mahali pengine haijasimuliwa inavyostahili.

"Zilitengenezwa kwa ajili ya matajiri." Zilitengenezwa kwa ajili ya barua. Mwaka 1935 shirika la Imperial Airways la Uingereza liliagiza ndege za majini 28 kutoka kampuni ya Short kabla hata moja haijaruka, kwa sababu serikali ilitaka barua za himaya nzima zisafiri kwa ndege kwa stempu ya peni moja na nusu tu. Ya kwanza, Canopus, ilijaribiwa Julai 1936, na mwaka uliofuata safari za Southampton hadi Durban zikaanza. Nafasi ilikuwepo ya abiria 24, lakini barua ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba; viti vilipunguzwa ili mifuko ya posta ipate pa kukaa. Mfanyabiashara wa Lindi aliyezoea kungoja barua ya Ulaya kwa majuma sasa aliisoma siku chache tu baada ya kuandikwa, naye hakuwahi kukanyaga ndege.

"Abiria walilala angani kwenye vitanda." Wajenzi waliweka mpango wa vitanda 16, na picha zake zilipendeza sana kwenye matangazo. Katika njia ya Afrika, hata hivyo, ndege ilisafiri mchana. Jioni ilitua, abiria wakapelekwa nchi kavu kwa mashua, wakala, wakalala hotelini, kisha wakaamshwa kukiwa bado giza ili waondoke na mapambazuko. Mafuta yake yalitosha takriban kilomita 1,200 tu, kwa hiyo safari ilikuwa ya kushuka na kupanda: Khartoum, Malakal, Port Bell karibu na Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, na kuendelea. Anayedhani abiria alikaa tu akihudumiwa, na ahesabu ni mara ngapi alishuka kwenye mashua akiwa na usingizi machoni.

"Ndani kulikuwa kimya na tulivu kama sebuleni." Hapa nataka kuwa mwadilifu, maana starehe ilikuwepo kweli. Kulikuwa na chumba cha kutembeatembea chenye madirisha makubwa na ubao wa kuegemeza viwiko, ambapo mtu angesimama akatazama viboko na tembo wakikimbia kivuli cha ndege. Hakuna tiketi ya leo, hata ya daraja la kwanza, inayokupa hilo. Lakini wanyama wale walionekana kwa sababu ndege iliruka chini, na iliruka chini kwa sababu haikuwa na uwezo wa kuhifadhi presha ya hewa ndani. Ndege ya kwanza ya abiria yenye uwezo huo, Boeing Stratoliner, ilianza kazi mwaka 1940. Kwa hiyo hewa ya moto iliyopanda kutoka nyika za Sudan mchana iliirusha ndege juu na chini, na injini nne hazikunyamaza hata dakika moja. Kutapika lilikuwa jambo la kawaida. Huko Marekani, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuhudumia abiria, Ellen Church, mwaka 1930, alikuwa muuguzi, na wenzake waliomfuata nao walitakiwa wawe wauguzi. Hilo linaeleza hali ya abiria kuliko tangazo lolote.

"Zilikuwa polepole mno." Kwa macho ya leo, ndiyo: kilomita 265 hivi kwa saa. Lakini mwaka 1932 safari ya London hadi Cape Town ilichukua siku kumi au kumi na moja. Ndege za majini zikafika Durban kwa siku tano au sita hivi. Mei 2, 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwa safari ya kwanza duniani ya abiria kulipia tiketi ya ndege ya jeti. Wapo wanaodhani enzi hiyo ilianzia kati ya Ulaya na Marekani. Ilianzia njia ya Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

"Bei ilinunua usalama." Haikununua. Desemba 31, 1935, ndege ya City of Khartoum iliishiwa mafuta karibu na Alexandria. Watu 12 wakafa, akaokoka rubani peke yake. Capricornus na Cygnus, mbili kati ya zile 28, zilianguka mwaka 1937, ya kwanza Ufaransa, ya pili Italia.

Ila kisa ninachokirudia mara kwa mara ni cha Corsair, nyingine kati ya zile 28. Machi 14, 1939 iliondoka Port Bell kuelekea Juba, chombo cha kuonyesha mwelekeo kikapotosha, na mafuta yakakaribia kwisha ikiwa juu ya Kongo. Rubani akaona mto mwembamba, Dungu, karibu na Faradje, akatua. Ndege ikagonga mwamba, maji yakaingia, akaisukuma hadi matopeni ukingoni. Wote walipona. Mafundi wakaletwa, wakaitengeneza, wakajaribu kuirusha, ikagonga mwamba tena. Ndipo ukafika uamuzi wa kuuziba mto ili maji yapande. Wenyeji walifanya kazi hiyo kwa mikono yao, kwa ajili ya ndege ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kulipa nauli yake. Nikisikia anasa ya miaka ile ikisifiwa, mimi huwaza mikono hiyo kwanza. Januari 6, 1940, baada ya miezi karibu kumi, Corsair ilikimbia juu ya maji waliyoyakusanya, ikapaa.