Kikao cha usimamizi si mtihani

Wanafunzi wengi wa saikolojia huenda kwa msimamizi, yaani mtaalamu mzoefu anayefuatilia kazi yao na wateja wa tiba, kama wanaokwenda kutetea tasnifu: wanachagua mteja anayeendelea vizuri, wanasimulia, wanapongezwa, basi. Ni kweli msimamizi hutoa tathmini, na hilo linatisha. Ila pia ana wajibu wa kumlinda mteja na kukukuza wewe, na hawezi kuutimiza akionyeshwa upande unaong'aa tu.

Kuficha kumezoeleka mno. Mwaka 1996, mtafiti wa saikolojia Nicholas Ladany na wenzake waliripoti kuwa zaidi ya 9 kati ya kila wanafunzi 10 waliowachunguza waliwahi kuwaficha wasimamizi wao jambo, mara nyingi hisia mbaya kumhusu msimamizi mwenyewe!

Peleka ulipokwama. "Mteja ana wasiwasi, nifanyeje?" ni swali pana mno. Afadhali umsikilizishe kipande kifupi cha rekodi, kwa idhini ya mteja: ametaja kifo cha mama yake, nawe papo hapo ukahamia kwenye zoezi la kupumua. Kisha uliza, "Hapa nilikuwa nakwepa nini?"

Dalili za kutaka kujiua hazingoji kikao kijacho. Mpigie msimamizi siku hiyohiyo.