Rimoti moja ya vyote: tunayoambiana na ukweli wake

Hapa Kigoma ukiingia sebule nyingi unakuta rimoti tatu au nne juu ya stuli, ya TV, ya king'amuzi, ya sabufa, na moja hata haijulikani ya nini ila hakuna anayethubutu kuitupa. Kwetu Mwanga bibi alikuwa anaita wajukuu kila jioni ikifika taarifa ya habari maana hajui abonyeze ipi, ndo nikaamua kuachana na ile rimoti yetu ya kuingiza namba za kodi (code, yaani namba ya kuitambulisha rimoti ni kifaa gani) nikachukua mpya, hizi zinazojifunza, yaani zinanakili batani za rimoti nyingine. Kabla sijanunua nimeambiwa mengi na mengi sio kweli.

"Rimoti ya vyote inawasha kila kitu." Hapana jamani. Rimoti hizi zinarusha mwanga usioonekana, infraredi, unaowaka na kuzima haraka sana, vifaa vingi ni mara 38,000 hivi kwa sekunde, Sony wao ni 40,000, afu kila kampuni ina mpangilio wake wa kodi. Sasa TV nyingi za smati rimoti zake zinaongea kwa blututhi, na hapo infraredi haisaidii kitu. Ukitaka kujua ya kwako iko upande gani, funika kichwa cha rimoti ya asili kwa kitambaa kizito afu bonyeza sauti, ikikubali bado ujue ni blututhi. Ila jaribu batani zaidi ya moja, maana zipo zinazowasha kwa infraredi na mengine yote yanapita blututhi.

"Ukishapata mpya, za zamani tupa." Hili ndo linaloniuma zaidi, watu wanajutia sana. Rimoti inayojifunza inajifunza kutoka kwa nani kama mwalimu umeshamtupa jalalani? Sabufa za bei ndogo hizi mara nyingi kodi zake hazimo kabisa kwenye orodha ya rimoti ya vyote, kwa hiyo njia iliyobaki ni kunakili batani moja moja kutoka rimoti yake yenyewe. Unazilaza mezani zinatazamana vichwa, sentimita mbili mpaka tano hivi, mbali na jua la dirishani, unaiweka mpya kwenye hali ya kujifunza, unachagua batani, afu unabonyeza ya zamani. Ikigoma badili betri za ile ya zamani kwanza, maana ikiwa inarusha mwanga hafifu, ile mpya inanakili makosa. Kuona kama inarusha, ilenge kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze, utaona kamwanga kadogo keupe au ka zambarau kanamweka (kamera za nyuma za simu nyingine zinauchuja huo mwanga, usije ukasema rimoti imekufa). Ukimaliza, za zamani zote zifunge kwenye mfuko, toa betri zisije kuvuja, weka kabatini.

"Ukitoa betri kila kitu kinafutika." Za zamani nyingi ndivyo zilivyokuwa. Mpya nyingi zina kumbukumbu inayobaki bila umeme, lakini usiamini mdomo wa muuzaji, ingiza kodi palepale dukani, toa betri dakika chache, rudisha, jaribu.

"Batani moja inawasha vyote kwa mpigo." Ni kweli, inaweza, ila kuna mtego. Infraredi inaenda upande mmoja tu, rimoti haijui kama TV imewaka au imezima, na vifaa vingi kodi ya kuwasha ndo hiyohiyo ya kuzima. Umeme ukikatika ukarudi, sabufa inajiwasha yenyewe TV inabaki imelala, unabonyeza batani yako moja, TV inawaka sabufa inazima, unabonyeza tena wanabadilishana, mnabaki hivyo mpaka mtu anyanyuke. Kama kifaa chako kina kodi ya kuwasha peke yake na ya kuzima peke yake, tumia hizo. Kama hakina, mi naona bora kila kifaa kiwe na batani yake.

"Simu inatosha, pakua tu aplikesheni." Simu isiyo na taa ya infraredi hairushi chochote hata upakue aplikesheni kumi. Redmi nyingi wanayo, simu nyingine nyingi hazina. Na mwenye simu akienda Kibirizi kununua dagaa, bibi anabaki na nini?

"Ya bei kubwa ndo itadumu." Harmony za Logitech zilisifika dunia nzima, na 2021 kampuni ikatangaza kuacha kuzitengeneza. Zile unazipanga kupitia kompyuta au simu na intaneti, kwa hiyo ukiletewa ya mtumba ulizia hilo kwanza. Mi nilichukua inayopangwa kwa batani zake yenyewe.

Ya bibi nimeibandikia plasta nyekundu kwenye kuwasha TV, nyeupe kwenye kuwasha king'amuzi, na sauti nimeinakili kutoka rimoti ya sabufa. Siku hizi jioni haiti mtu.