Kitabu kama kitu: kukijua kwa pua, mkono, jicho na sikio

Kitabu kina maneno, na kina mwili: karatasi, wino, uzi, gundi na jalada. Kukijua kama kitu ni kuusoma mwili huo kwanza, ukajua kimetengenezwaje na kimeanza kuharibika wapi. Unguja na Pemba ujuzi huu unahitajika zaidi, maana joto na unyevu wa bahari havikipi kitabu nafasi ya kupumua.

Pua ndiyo yenye habari nyingi. Karatasi ya mti ina lignini, yaani kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, ambayo ikichakaa hutoa harufu tamu inayokaribia vanila, huku kurasa zikigeuka manjano kuanzia pembeni. Harufu ya siki ni dalili kuwa asidi imeshaota mizizi. Ikinuka udongo mbichi, huo ni ukungu, ambao huanza unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na visiwani hewa huvuka kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Usikibandike kitabu puani. Chembe za ukungu huingia kifuani. Kifungue umbali wa mkono, harufu itakufikia yenyewe.

Wengi hutia karafuu kabatini au hufukiza udi. Nyumba inanukia, lakini ukungu hauondoki, unafichwa tu, na moshi huacha masizi juu ya karatasi. Heri kabati liachane na ukuta kwa sentimita 10 hivi, hasa Mji Mkongwe, ambako kuta za mawe na chokaa hunyonya maji, kisha hewa ipite nyuma yake.

Baada ya pua, mkono. Pitisha ncha za vidole nyuma ya ukurasa uliochapwa kwa herufi za madini ya risasi: utazihisi zimejikandamiza kwenye karatasi. Vitabu vya litografia, vilivyochapwa kwa jiwe kama vile vingi vya Kiarabu kutoka Bombay katika karne ya 19, huwa laini pande zote, ingawa mwandiko unaonekana kama wa mkono. Kisha uangalie mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Zikienda sambamba na mgongo wa kitabu, ukurasa unalala vizuri. Zikikata mgongo, ukurasa unasimama, na masika yakija unajikunja mawimbi. Usiijaribu karatasi kuukuu kwa kuikunja pembe, maana pembe itabaki mkononi mwako.

Jicho linataka mwanga. Inua ukurasa mbele ya dirisha: karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono huonyesha mistari ya waya na pengine alama ya maji, yaani chapa iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Hilali tatu zinazofuatana ni alama mashuhuri ya karatasi za Italia zilizouzwa katika nchi za Kiislamu. Wino wa masizi hubaki mweusi, ila maji huumwaga; wino wa chuma na tanini ya mimea hugeuka kahawia na mwisho hula karatasi, hata herufi zikaacha matundu.

Sikio kazi yake ni ndogo. Karatasi ya matambara ikitikiswa hutoa mlio mkavu, ya mti iliyochoka husikika nyepesi. Ukisikia mgongo unaalika, acha hapo hapo: gundi imekauka. Ndiyo maana marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma, ni chombo cha busara, kwani huzuia msahafu usifunguke wote.

Ulimi usihusike. Kulamba kidole ili kufungua kurasa huacha mate yanayovuta wadudu, na baadhi ya majalada ya kitambaa cha kijani kibichi ya karne ya 19 yalitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu.

Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga mwembamba chini ya kitabu, wadudu wako ndani. Kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi −20 kwa wiki moja. Ukikitoa usiifungue mifuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone juu ya karatasi. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa haitoshi kwa kazi hii.