Aryabhata hakugundua sifuri jamani

Nikisema tu kwamba kazi yangu ni historia ya hesabu za India, mtu ananijibu "aah, Aryabhata, yule aliyegundua sifuri". Nimechoka, ngoja niandike.

Aryabhata kaandika kitabu chake mwaka 499, na namba kubwa mle kaziweka kwa silabi za Kisanskriti ili zikae kwenye mizani ya shairi, alama ya sifuri hamna. Mfumo wa nafasi, ule wa thamani ya tarakimu kutegemea ilipokaa, anaujua, soma anavyotafuta kipeuo cha pili utaona. Ila sheria za sifuri kama namba, ya kujumlisha na kutoa, tunazikuta kwa Brahmagupta, mwanahesabu mwingine wa India, mwaka 628, kazipanga pamoja na za mali na madeni, yaani namba chanya na hasi, mpaka akasema sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri, hapo aliteleza.

Sasa wale wa "Oxford wamethibitisha sifuri ni ya karne ya 3", hao ndio wananimaliza. Wanaongelea hati ya Bakhshali, kitabu cha kale cha hesabu chenye nukta za sifuri, imeandikwa kwenye magome ya mti, ilifukuliwa 1881 karibu na Peshawar, Pakistan ya sasa, leo iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Mwaka 2017 Oxford wakapima kaboni ya kurasa tatu kujua umri wake: moja ikatoa 224 hadi 383, nyingine 680 hadi 779, ya tatu 885 hadi 993. Kitabu kimoja hicho! Magazeti yakachukua tarehe kongwe yakakimbia nayo. Jamani, kaboni inapima gome, haipimi wino, na maandishi yenyewe yanasomeka kama kazi moja inayoendelea, ndiyo maana mwanahistoria wa hesabu Kim Plofker na wenzake walipinga haraka, wakasema kama ni kitabu kimoja basi hakiwezi kuwa kimeandikwa kabla ya ukurasa wake mpya kabisa. Mimi niko upande wao, ila kuna kitu kinanisumbua bado: nani alitunza gome tupu miaka mia tano na zaidi ndio aliandikie? Jibu la kuniridhisha sijalisoma popote.

Ukitaka sifuri yenye tarehe iliyochongwa nenda kwenye mawe. La Sambor, Kambodia, limeandikwa mwaka 605 wa Saka, kalenda ya kale ya India, yaani 683, sifuri yake ni nukta. Kwa India yenyewe nenda hekalu la Gwalior, 876, ukutani kuna 270, kipimo cha bustani ya maua, na 50, idadi ya mashada ya kutolewa kila siku.