Fungate kwa gari vijijini Ufaransa: yanayosemwa na yalivyo

Wachumba wengi wanaopanga fungate Ufaransa huanzia Paris, halafu mmoja wao anasema, "Mbona tusikodi gari tuingie vijijini?" Ni wazo zuri, pengine zuri kuliko yote yaliyomo kwenye mpango ule. Shida ni kwamba habari zenyewe tumeziokota kwenye picha za mitandaoni na kwa watu waliopita huko kwa basi la watalii. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Ufaransa ni ndogo, wiki moja inatosha kuizunguka yote"

Ufaransa ya Ulaya ina karibu kilomita za mraba 550,000. Kenya ina kama 580,000. Kwa hiyo anayesema atatoka Paris, apite majumba ya Loire, ashuke Bordeaux, avuke hadi Provence, aende Nice kisha arudi Paris, yote ndani ya siku saba, ajiulize kama angemshauri mgeni azunguke Nairobi, Kisumu, Lodwar, Mombasa na Lamu kwa wiki moja. Tena ndiyo kwanza ametoka kwenye harusi, bado miguu inamuuma kwa kusimama na kupigwa picha.

Paris hadi Nice ni zaidi ya kilomita 900. Hata kwenye barabara kuu ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 130 kwa saa, hizo ni saa nane au tisa za usukani kabla hujahesabu chakula na foleni za Lyon. Na fungate ya vijijini haiko kwenye barabara kuu. Iko kwenye zile barabara ndogo zenye herufi D na namba, ambako mwendo kwa kawaida ni 80 tangu Julai 2018, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90 kwenye baadhi ya njia. Ukiongeza trekta lililojaa nyasi, vijiji vya kupita taratibu na mmoja wenu anayetaka kusimama kila penye mandhari, kilomita 60 zinamaliza saa moja na nusu bila mtu kushtuka.

Wanaojua hupanda treni. Kutoka Gare de Lyon pale Paris hadi stesheni ya treni za kasi ya Avignon TGV, kule Provence, ni takriban saa mbili na dakika 40, na yapo hata yanayoondokea uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle moja kwa moja. Gari unalichukua pale pale stesheni. Kutoka hapo hadi Gordes, kijiji cha mawe kilichong'ang'ania ubavuni mwa kilima, ni kama kilomita 40. Umeokoa siku nzima na hujaanza ndoa kwa kugombana kwenye barabara ya mzunguko ya Paris.

Ushauri wangu kwa siku saba ni eneo moja na vituo viwili vya kulala, basi. Luberon, au Dordogne, au Bretagne, au bonde la Loire. Asiyekubali hilo anapanga mashindano ya magari. Mkipata ramani ya karatasi ya Michelin, tazameni barabara zilizochorwa mstari wa kijani pembeni: hizo ndizo zenye mandhari, na programu ya simu haitawapitisha huko kwa hiari yake kwa sababu yenyewe inatafuta njia ya haraka.

"Lavenda iko tu, wakati wowote tukienda tutaikuta"

Hii ndiyo inayovunja mioyo. Lavenda ni yale maua ya zambarau yenye harufu nzuri yanayojaza picha za Provence. Harusi nyingi kwetu hufungwa Agosti au Desemba, shule zikiwa zimefungwa na ndugu wa mbali wamepata likizo. Mashamba ya Provence hayana habari na kalenda yetu. Maua huanza kufunguka katikati ya Juni na kukolea mwanzoni mwa Julai. Kwenye uwanda wa Valensole, mashine za kuvunia huingia shambani kuanzia katikati ya Julai. Mkifika Agosti mtakuta safu ndefu za vichaka vilivyonyolewa, rangi ya kijivu, na harufu kidogo karibu na viwanda vya kukamulia mafuta. Wenye bahati hupanda kuelekea Sault, juu zaidi mlimani, ambako maua huchelewa na baadhi ya miaka hugusa mwanzo wa Agosti.

Hata huko kwenye maua, picha haisemi kwamba katikati ya safu nyuki ni wengi kiasi kwamba shamba zima linavuma. Gauni jeupe linaloburuta halifai. Na shamba ni la mtu, halichumwi.

Desemba je? Siyo mbaya, ila ni safari nyingine kabisa. Jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni, nyumba nyingi za wageni zimefungwa, na maeneo mengi ya milimani kuanzia Novemba mosi hadi Machi 31 yanadai matairi ya baridi au minyororo. Kama harusi ni Desemba, nendeni Alsace kwenye masoko ya Krismasi na mitaa ya Colmar, au ahirisheni fungate hadi Juni. Hakuna sheria inayosema lazima mwondoke usiku wa harusi. Juni nayo ina lake: jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo wanaosali wajue Magharibi inaingia wakati ambao kwao tayari wangekuwa wamelala.

"Nimeendesha Dar miaka kumi, Ufaransa itanishinda nini?"

Kushika kulia siyo tatizo kubwa. Nusu siku mwili unazoea, na Waswahili wa Bukavu, Kigali na Bujumbura hawahitaji hata hiyo nusu siku. Hatari ni pale unapokuwa peke yako barabarani, asubuhi, umetoka kwenye sheli au kwenye maegesho ya kijiji, hakuna gari la kukukumbusha. Mkono unarudi kushoto wenyewe. Aliyekaa pembeni apewe kazi moja tu: kila mnapotoka sehemu mliyosimama, atamke "kulia".

Kubwa zaidi ni kanuni ya kumpisha anayetoka kulia. Unaingia kijijini kwenye barabara inayoonekana kuwa ndiyo kuu, na mara kutoka kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili anachomoza mzee na gari lake dogo bila hata kugeuza shingo kukutazama. Usimpigie honi. Ana haki. Kama hakuna alama yoyote kwenye makutano, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama njia yake ni nyembamba kama ya mbuzi. Alama ya almasi ya njano inakuambia barabara uliyopo ina kipaumbele. Almasi hiyo hiyo ikikatwa kwa mstari mweusi, kipaumbele kimekwisha. Pembetatu nyekundu yenye alama ya X ndani inakuonya kwamba makutano yanayofuata ni ya kumpisha wa kulia. Kwenye kipilefti kwa kawaida mambo ni kinyume: aliyeshaingia ndiye anayepita, na magari yanakujia kutoka kushoto.

Halafu tochi, yaani kamera za kupima mwendo. Usitafute askari kwenye kivuli cha mwembe. Kamera zipo kwenye masanduku, na nyingine ziko ndani ya magari ya kawaida yasiyo na alama. Kibao cheupe chenye jina la kijiji, chenye ukingo mwekundu, peke yake kinamaanisha 50, bila namba kuandikwa. Mvua ikinyesha, 130 ya barabara kuu inakuwa 110. Faini inakwenda kwa kampuni iliyowakodisha, nayo inatoa jina lako na kukutoza gharama ya kushughulikia barua hiyo. Unaweza kuwa umeshasahau fungate ndipo makato yanaingia kwenye kadi.

Pombe mwisho ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa. Anayetaka kuonja mvinyo Bourgogne aonje siku ambayo hana usukani.

"Leseni ninayo, pesa ziko kwenye simu"

Leseni isiyoandikwa kwa Kifaransa iandamane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kibali hicho kinatolewa nchini kwako kabla ya kusafiri. Kwa Kenya, nendeni AA Kenya. Hakifai bila leseni yenyewe, kwa hiyo vyote viwili mfukoni.

Pesa ndiyo inayokwamisha watu kaunta. Kampuni nyingi za kukodisha magari zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na zinazuia humo amana ambayo inaweza kufika mamia ya euro. Kadi ya malipo ya kawaida, au ile ya ndani ya simu, mara nyingi inakataliwa, na hapo ndipo mtu anauziwa bima ya ghali au anaondoka kwa miguu. Someni masharti kabla ya kulipia. Angalieni pia aina ya gia: magari mengi ya kukodi huko bado yana klachi, na otomatiki huagizwa mapema kwa bei ya juu. Mkifika Julai bila kuagiza, hakuna.

Wala msichukue gari kubwa kwa ajili ya picha. Vichochoro vya Roussillon au Sarlat vilijengwa kabla ya magari, na vioo vya pembeni ndivyo vinavyolipa.

Kwenye pampu, Gazole ni dizeli. Petroli ni SP95-E10 au SP98. Soma kifuniko cha tangi kabla hujashika bomba.

"Barabara za kulipia haziepukiki"

Zinaepukika. Bretagne hakuna hata moja, na A75 inayoshuka kusini kutoka Clermont-Ferrand ni bure isipokuwa daraja la Millau, lililofunguliwa mwaka 2004, ambalo kwa kweli linastahili nauli yake. Kwengineko chukua tiketi, lipa kwa kadi unapotoka, na usiingie njia yenye herufi t ya rangi ya chungwa peke yake, hiyo ni ya wenye kifaa maalumu. Kwenye A13 kuelekea Normandie vibanda vimeondolewa: kamera inasoma namba ya gari, nawe unalipa mtandaoni ndani ya saa 72.

"Fungate bila hoteli ya nyota tano siyo fungate"

Vijijini nyota tano ni chache, na mara nyingi siyo ndizo bora. Tafuteni *chambres d'hôtes*, yaani vyumba ndani ya nyumba ya mtu. Kwa sheria havizidi vitano na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Nyingine ni majumba ya zamani kwelikweli, yenye ngazi zinazolia na bustani ya matunda. Mwenyeji ndiye atakayewaambia soko liko kijiji gani Jumamosi. *Gîte* ni nyumba nzima ya kujipikia. Nzuri, ila kiangazi nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, na mashuka wakati mwingine ni juu yenu.

"Ufaransa hutakosa chakula"

Utakosa, saa nane na nusu mchana. Jiko la mgahawa wa kijijini linapika kuanzia saa sita hadi kama saa nane, kisha linafungwa hadi saa moja, moja na nusu usiku. Jumapili jioni na Jumatatu, vijiji vingi hakuna hata wa kukuuzia kahawa. Wekeni mkate, jibini na matunda ya sokoni kwenye gari. Mkikaa mezani, ombeni *carafe d'eau*, maji ya bomba ambayo ni bure, na huduma imeshahesabiwa kwenye bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari.

Kwa wanaokula halali, vijijini bucha yake ni adimu. Supamaketi kubwa mara nyingi zina rafu. Mgahawani samaki ndiye rafiki, lakini ulizeni mchuzi, maana mvinyo unaingia kwenye sufuria kwa wepesi, na vipande vya nguruwe hunyunyizwa hata kwenye saladi. Bretagne kuna galette, mfano wa chapati nyembamba, ya ngano nyeusi: agizeni ya yai na jibini, *sans jambon*, yaani bila nyama ya nguruwe. *Cidre* inayoletwa pamoja nayo ni pombe, hata kama ina harufu ya tofaa.

"Wafaransa wana majivuno"

Ingia duka la mkate useme moja kwa moja unachotaka, utaona uso ukikunjamana. Sema kwanza *Bonjour madame*, subiri ajibu, kisha agiza. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Kwetu pia anayeanza na shida yake kabla ya salamu anaonekana hakulelewa. Jioni ni *bonsoir*.

"Viza ni ya kushughulikia baada ya harusi"

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15. Kuelekea kiangazi miadi inajaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Viza hiyo hiyo inawavusha Hispania au Italia.

Bibi harusi asafiri kwa jina lililo kwenye pasipoti aliyonayo sasa. Tiketi, viza, bima na nafasi ya gari viandikwe hivyo hivyo, herufi kwa herufi, na kubadili jina kufanyike mkisharudi.