Polishi haizibi mkwaruzo

"Fundi, pakaa polishi nyingi hapo ili izibe."

Maneno hayo nimeyasikia tena Jumamosi, mbele ya Harrier nyeusi, kutoka kwa kaka mmoja mstaarabu kabisa aliyekuwa akinionesha boneti yake kwa kidole. Nilinyamaza nikaendelea na kazi. Lakini ni mara ya tatu mwezi huu, na safari hii nimeona niandike, maana imani hii imeshaharibu magari mengi hapa Dar.

Izibe nini? Mkwaruzo ni mfereji uliochimbwa kwenye klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi. Kilichokuwa ndani ya mfereji huo kimeshaondoka, kilimwagwa na maji ya ndoo siku ileile gari lilipooshwa. Kampaundi, yaani polishi ya kusaga ninayopaka, haina klia ndani yake, ina chembe za kusaga. Ninachofanya na mashine ni kushusha kingo: naisaga klia yote inayouzunguka mfereji mpaka uso mzima ufike usawa wa sakafu yake. Mfereji haujajaa, ardhi ndiyo imeshuka. Ukiniambia nipakae nyingi, unaniambia nichimbe zaidi.

Na ardhi yenyewe ni kidogo. Rangi ya kiwandani, kuanzia kinga ya kutu iliyo juu ya bati, praima, rangi yenyewe hadi klia, mara nyingi ni maikroni (elfu za milimita) 100 hadi 140 kwa jumla. Klia peke yake ni 40 hivi, pengine 50. Unywele wa kichwani ni kama 70. Kinga yote inayozuia jua lisiile rangi ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Kazi nzito ya kukata, yaani kuisaga klia kwa mashine, inaweza kuondoa maikroni 2 au 3, wakati mwingine zaidi, na hizo 40 huwezi kuzitumia zote, kwa sababu klia ikishakonda jua linaishinda. Simama kwenye foleni ya Morogoro Road saa saba mchana utazame mapaa na maboneti: yale magamba meupe yanayobanduka ni klia iliyokufa. Ikifika hapo hakuna polishi, ni kupiga msasa na kupulizia upya.

Kwa hiyo mteja anayetaka nimpigie mashine kila mwezi "ili rangi iwe hai" namkatalia. Wengine wananuna.

Najua swali linalofuata, naulizwa kila wiki. Mbona kule mtaani nilipigiwa kwa nusu ya bei yako na mikwaruzo ikapotea yote? Chukua kikombe cha maji, kamwagie sehemu ya boneti yenye mikwaruzo mingi. Imeenda wapi? Subiri pakauke. Imerudi. Ndiyo maana gari lililolowa mvua linaonekana jipya. Mkwaruzo unaonekana kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga. Ukijazwa kitu kinachopindisha mwanga karibu sawa na klia, jicho linaupoteza. Maji yanafanya hivyo kwa dakika, mafuta na silikoni zilizomo kwenye polishi nyingi za kopo zinafanya hivyo kwa wiki kadhaa. Ukiosha mara mbili tatu kwa sabuni kali, mikwaruzo inarudi pale pale ilipokuwa. Hicho ndicho "kuziba" wanachokiona wateja wangu, na kimewafundisha vibaya.

Simkatazi mtu kutumia polishi yenye mafuta. Kuna magari ambayo mimi mwenyewe nayapaka hiyo, kwa sababu klia yake imebaki kidogo mno na sitaki kuigusa kwa mashine. Lakini namwambia mwenye gari: hii ni ya kuficha. Kabla hujalipa popote, kwangu pia, omba kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji, ufute nusu ya boneti, kisha litoe gari juani. Kilichobaki baada ya spiriti ndiyo kazi uliyofanyiwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni duara.

Kila mtu akitazama gari jeusi juani anaona mikwaruzo imejipanga kwa miduara kuzunguka mwanga wa jua, kama utando wa buibui. Kutokana na hapo anahitimisha kwamba aliyeosha alizungusha sponji. Nimemsikia mzee mmoja akimfokea kijana wa kuosha magari: "Nilikwambia unyooshe mkono, usizungushe!" Kijana alikuwa amenyoosha mkono. Nilikuwepo.

Miduara hiyo haipo kwenye rangi. Usiku wa leo washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti. Utaona mikwaruzo imeizunguka tochi. Sogeza tochi kwenda kushoto: miduara inaifuata. Peleka kulia, inakuja nayo. Kama ingekuwa imechorwa kwenye klia ingebaki mahali pake. Kilichopo ni maelfu ya mikwaruzo midogo iliyolala kila upande, ovyo ovyo, na kati ya hiyo ni ile tu iliyokaa kwa ukingamano na njia ya mwanga ndiyo inayorudisha mng'ao kwenye jicho lako. Iliyobaki ipo palepale, imetulia gizani ikisubiri tochi isogee. Ukiunganisha inayong'aa unapata duara, na katikati yake ni taa.

Nalikazania hili kwa sababu linabadilisha nani wa kulaumiwa. Kosa ni mchanga uliomo kwenye sponji. Sponji moja imeanza kwenye rimu, imepita kwenye milango ya chini yenye vumbi la barabara, imeingia kwenye ndoo iliyogeuka tope, kisha inapanda kwenye paa. Hapo kijana azungushe, anyooshe, aandike jina lake, klia itakwaruzwa vilevile. Kunyoosha mkono kuna faida moja ya kweli, nayo ni kwamba mikwaruzo yote ikilala upande mmoja utaiona tu ukisimama upande fulani. Ni faida ndogo. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na glavu laini ya maikrofaiba inayosuuzwa baada ya kila bati, yaani kila mlango, boneti au paa, zinasaidia mara nyingi zaidi. Halafu kuna dasta kavu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Umelala na vumbi juu ya gari, unaamka unalisugua likiwa kavu. Kila siku! Sina lugha nyingine ya kuliambia hili: huo ni msasa.

Na maji ya kisima. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi, na gari likiachwa likaukie juani linabaki na madoa ambayo yakikaa yanaila klia. Kausha kwa taulo.

Kuna mistari ya duara iliyo ya kweli, nayo huachwa na mashine. Ukiona kwenye jua tao refu linalocheza kama bendera kila unapohama, hiyo si kazi ya kijana wa ndoo. Ni pedi ya manyoya kwenye mashine ya mzunguko mmoja, iliyopigwa kwa haraka na haikufuatiwa na pedi laini. Gari limetoka na mikwaruzo mifupi, limerudi na mirefu.

Kuhusu mashine zenyewe sitakaa sana. Ya mzunguko mmoja inakata kwa nguvu na inazalisha joto pahali pamoja. Ile inayozunguka huku ikiyumba ina huruma zaidi. Ukiikandamiza kupita kiasi au ukiikalisha vibaya kwenye mkunjo inaacha kuzunguka, na hapo haikati kitu. Ndiyo maana nimechora mstari wa kalamu nzito kwenye sahani inayoshika pedi, niuone ukigeuka. Na grenda si mashine ya polishi. Grenda ndogo inakwenda kama mizunguko 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi ya mzunguko mmoja haihitaji kuvuka 3,000, na kazi nyingi inafanyika chini ya hapo. Nimeona watu wamefunga pedi kwenye grenda. Acheni.

Kazi yangu inaanza kwa kuosha, kutoa chembe za chuma na lami, kupitisha udongo wa kusafishia rangi, kubandika tepu kwenye kingo zote, halafu kujaribu mahali padogo. Naanza na pedi laini na kampaundi nyepesi, ikishindwa napanda ngazi moja. Wengi wanaanza na ya juu kabisa kwa sababu inaonesha matokeo haraka. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, mkono wa polepole, mapito manne au matano yanayokatizana, kisha nasafisha pedi kwa brashi. Kila kipande. Pedi iliyojaa klia iliyosagwa haikati, inapaka joto. Nafanya kivulini na bati likiwa la baridi, kwa hiyo asubuhi mapema. Saa sita mchana hapa kampaundi inakauka kabla hujaisambaza.

Tepu kwenye kingo nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nakata mkunjo wa juu wa ubavu, gari la bluu, na pedi nyeupe ikageuka bluu mkononi mwangu. Rangi hukonda kwenye kingo, na pedi huzikandamiza zaidi kuliko sehemu bapa. Kama rangi haina klia, pedi kupata rangi ni kawaida. Ile ilikuwa na klia, kwa hiyo nilikuwa nimeimaliza. Nililipia kupuliziwa bati zima kutoka mfukoni mwangu, na mwenye gari hakurudi tena. Alikuwa na haki.

Kuna mashaka ambayo nabaki nayo kila gari linapoingia. Kipimo changu cha unene kinasoma jumla kutoka kwenye bati hadi juu. Kikisema 118, hakiniambii klia ni ngapi ndani ya hizo 118, nakisia. Kikisema 290 najua paliwahi kupuliziwa upya, na magari mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika yana bati moja au mawili ya aina hiyo, lakini unene mkubwa unaweza kuwa wa praima na klia ikawa nyembamba ya kutisha. Kwenye bampa za plastiki hakisomi kabisa. Hapo natumia kiganja: bati husambaza joto, plastiki hulishikilia, na nikihisi vuguvugu nasimama hata kama mikwaruzo haijaisha. Pengine naacha mapema mno. Sijawahi kujuta kuacha mapema.

Kipimo cha kucha kinasaidia kidogo. Ukipitisha ukucha na ukakwama, mkwaruzo huo ni wa kina kuliko ninavyokubali kukata. Nitazungusha kingo zake zisirudishe mwanga mkali, utafifia, na utabaki.

Harrier ile ilisoma 112 katikati ya boneti na 96 karibu na taa ya kushoto. Tisini na sita ni kidogo kwangu, kuna mtu alishapita hapo na mashine. Boneti niliikata kwa pedi ya kati, pale kwenye 96 nikapita na pedi laini tu. Mlango wa dereva una mkwaruzo mmoja wa ufunguo wenye urefu wa kiganja, unakwama ukucha. Nimeuacha. Kaka aliuona mara moja, akaniuliza kama nimesahau. Nikamshika mkono, nikampitishia ukucha wake mwenyewe juu yake, nikamwonesha namba kwenye kipimo. Alikaa kimya kidogo, akauliza glavu za maikrofaiba zinauzwa wapi.