Ushuhuda kwa grupu ya matanga: ni wapi unageuka kuwa kuvuta watu

Swali linalonifikia sana kutoka kwa maadmini wa magrupu ya WhatsApp hapa Kisumu ni hili: mtu akiposti vile Mungu amemtendea, nimwache ama nifute? Mimi nafundisha masomo ya dini, na kando na hiyo naitwa kupatanisha watu wakikosana kwa mambo ya imani, majirani, wanachama, wazazi wa shule, na siku hizi ugomvi mwingi nikiufuata nyuma napata ulianzia kwa simu. Wengi wanataka niwape idadi, ati ushuhuda mmoja kwa wiki ni sawa, wa pili ni kuhubiri. Haiendi hivyo.

Chukua grupu ya matanga, juu hapo ndio mambo huonekana wazi zaidi. Mtu amefariki, grupu inafunguliwa usiku huohuo na watu wanaongezwa bila kuulizwa, mabinamu, watu wa ploti, wa kazini, mashemeji wa Mumias ambao ni Waislamu, rafiki wa marehemu ambaye ni Msabato, mzee mmoja wa Legio Maria. Wote wameletwa na mchango, gari la kubeba mwili na safari ya kwenda nyumbani. Sasa mama mmoja anaandika: "Poleni sana. Mimi nilipofiwa na mzee wangu hata chakula hakikupita, nikawa naomba tu usiku na Mungu akanishika. Mama watoto namuombea na yeye." Hiyo wacha ikae. Hata mtu asiyeamini chochote ataisoma na aseme asante, maana amepewa kitu na hajaitishwa kitu.

Baadaye kidogo anaingia mwekahazina, yule mwenye namba ya kutumiwa pesa na ndiye huposti orodha ya waliotoa kila jioni. Anaandika kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri lakini swali ni kama alikuwa ameokoka, na wewe unayesoma hii ukifa usiku wa leo unaenda wapi, Jumapili karibuni kwetu, halafu familia ikikubali pasta wetu aongoze ibada basi kanisa litaleta tenti na viti bure. Hakuna tusi hapo, sauti yake ni ya upole pia. Lakini hebu tazama ni nani anaongea na nani: mtu anayeshika daftari la pesa anaongea na mjane ambaye hajalala siku kadhaa, na tenti imewekwa mezani. Mjane hawezi kulefti grupu ya matanga ya mume wake. Shemeji wa Mumias naye akilefti, kesho itasemwa ametoroka mchango.

Kwangu mimi mpaka uko hapo. Sipimi urefu wa meseji wala joto la maneno, napima kama huyu anayesoma anaweza kusema hapana, ama anyamaze tu, na bado apate kile kilichomleta kwa hiyo grupu.

Na si mimi nimebuni, watu wameshapelekana kortini kwa hii maneno. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ugiriki, Minos Kokkinakis, Shahidi wa Yehova aliyekamatwa zaidi ya mara 60 maishani mwake. Mwaka wa 1986 yeye na mkewe walienda nyumbani kwa mama mmoja kule Sitia, kisiwa cha Krete, wakaingia wakaongea mambo ya Biblia, na huyo mama bwanake alikuwa mwimbaji wa kanisa la Orthodox pale mtaani, huyo bwana akapiga simu polisi. Sheria ya Ugiriki tangu 1938 ilifanya kuvuta watu dini kuwa kosa la jinai. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka wa 1993 Kokkinakis akashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3. Mahakama ikasema kutoa ushahidi wa imani yako ni sehemu ya uhuru wa dini, lakini ikakubali kuna uvutaji mbaya, na katika kuueleza ikaegemea ripoti ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ya 1956: kuahidi watu faida ya mali ama ya kijamii ili waingie kanisani, ama kusukuma watu walio kwa shida na dhiki. Soma tena ile meseji ya mwekahazina. Tenti, na mjane.

Miaka mitano baadaye, 1998, ikaja kesi ya Larissis, ambayo mimi ndiyo napenda zaidi kufundisha. Maofisa watatu wa jeshi la anga la Ugiriki, Wapentekoste, walikuwa wameshtakiwa kwa kuhubiria wanajeshi walio chini yao na pia raia wa nje. Kwa upande wa raia mahakama ikasema kuwaadhibu maofisa ilikuwa makosa. Kwa upande wa wale vijana wa chini ikasema serikali haikukosea, kwa sababu maneno ambayo nje ya kambi mtu angeyasikia akayaacha, ndani ya jeshi kijana anayeambiwa na mkubwa wake anaweza kushindwa kujitoa kwa hayo mazungumzo. Imani ileile, maofisa walewale, tofauti ni nani anaambiwa. Hukumu za Ulaya hazifungi korti zetu, najua, ila zimefikiria hii kitu vizuri. Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 32, imempa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake hadharani, hata kwa kuifundisha, na ibara hiyohiyo inakataa mtu kulazimishwa kufanya kitendo kinachoenda kinyume na imani yake.

Kwa hivyo admini, mwalimu wa darasa, mweka hazina wa chama, bosi, landilodi, nyinyi mna mzigo mkubwa kidogo kuliko mwanagrupu wa kawaida. Si ati mmenyimwa kushuhudia. Lakini mkishuhudia ishieni kwa yenu, ile sehemu ya "na wewe je?" muiache, juu mtu akikuangalia haoni tu muumini, anaona mtu anayeshika fees zake ama kodi yake.

Kuna maadmini walichoka wakaandika tu pale juu "HAKUNA DINI HAPA", na baada ya Shakahola 2023, kule wafuasi wa mhubiri walikufa kwa kufunga, sitawacheka, watu walishtuka. Ila hiyo sheria nimeiona ikifanya kazi na inaumiza upande mmoja. Mkutano wa ploti bado unafunguliwa na maombi "kwa jina la Yesu" na hakuna anayeona hiyo kama dini, ni kawaida tu, halafu jirani anaandika Ramadhan Karim anaambiwa asome sheria za grupu. Muhindi anatakia watu Diwali njema, kimya. Dini ya wengi huwa haionekani na wenyewe. Ukitaka kufunga mlango funga yote, hadi ile Amina yako ya asubuhi, na najua hutaweza, kwa hivyo afadhali usifunge.

Na ukweli mwingine, sisi watu wa huku tumetokana na watu walioshindwa kunyamaza. Wamarekani watatu wa Quaker walifika Kaimosi 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi zaidi duniani. Johana Owalo alisimulia maono aliyoyapata 1907, na kwa maono hayo likazaliwa kanisa la Nomiya. Mtu aliona kitu, akakisema, jirani akasikia. Kama Owalo angekuwa kwa grupu yenu angefutiwa.

Dini zenyewe hazijalala kwa hili jambo. Waislamu wana ile aya ya Baqara, hakuna kulazimishana katika dini. Wabahai, ambao walifungua hekalu lao pale Matunda 2021, wanahimizwa kufundisha imani yao lakini wamekatazwa kung'ang'ania mtu: toa ulicho nacho, akikataa mwache na njia yake. Na Petro anasema mkristo awe tayari kumjibu kila mtu anayemuuliza habari za tumaini lake, kwa upole. Anayemuuliza. Wahubiri wetu wa WhatsApp huanzia kwa "tayari" wakaruka hapo katikati.

Fowadi sizihesabu kama ushuhuda kabisa. Ushuhuda una mwenyewe, unaweza kumuuliza ilikuwa hospitali gani na mtoto anaendeleaje sasa. Ile ya "tuma kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku, ukipuuza utaona" haina mwenyewe, na ni kutishia watu, futa bila kuomba radhi.

Inboksi ndio mbaya zaidi na admini haioni. Mtu anachukua namba kutoka grupu ya matanga, ambayo ulipeana kwa ajili ya matanga, anaanza kukutumia klipu za mahubiri kila alfajiri, na kabla hujajua umeongezwa kwa grupu ya maombi ya kufunga siku 21. Hapo mwambie mara moja, "ndugu, asante, lakini mambo ya imani tusiongee huku." Akiendelea bloku. Admini ukiletewa hayo malalamiko usiseme ni mambo yenu ya inboksi, namba ilitoka kwako.

Imebaki ile kesi inayosumbua kweli. Mtu anauliza mwenyewe, kwa grupu ya watu 200, saa nne usiku: kwani nyinyi Wasabato mkizika hamuwezi Jumamosi kwa nini? Ameuliza, kwa hivyo jibu, si kosa. Lakini ameuliza mmoja na watasoma wote. Mimi huwaambia wajibu kile kilichoulizwa, yaani kwetu Sabato tunapumzika kwa hivyo tunaomba mazishi yawe Ijumaa ama Jumapili, na waishie hapo. Akitaka habari za Danieli na Ufunuo ataandika "niambie zaidi", na hapo sasa muende inboksi, mkeshe huko mpaka asubuhi mkitaka.